Picha Haioni Kitu, Mbona Shingo Bado Inauma?

Barua nyingi za mwezi huu zinauliza jambo moja kwa njia mbalimbali: mtu anaumwa shingo au mgongo, amepigwa picha, ameambiwa mifupa ni mizima, na maumivu yapo palepale. Nimechagua nne. Mimi ni mtaalamu wa fiziotherapia, yaani tiba ya misuli na viungo kwa mazoezi na mikono, nilisomea kazi hii katika hospitali ya KCMC, Moshi, na wengi wanaoingia chumbani kwangu hapa Dar es Salaam huja na bahasha ya eksirei mkononi. Bahasha naipokea na kuitazama, halafu nawaomba wageuke niwashike mabega, kwa sababu mara nyingi ninachokitafuta hakimo humo.

SWALI: *Dada mtaalamu, habari za kazi. Mimi ni fundi cherehani, nina miaka 38, nashona sare za shule. Kuanzia Novemba hadi shule zifunguliwe Januari nakaa kwenye cherehani tangu asubuhi mpaka usiku. Shingo upande wa kulia inauma, maumivu yanashuka hadi kwenye fupa la bega, na ikifika jioni kisogo kinagonga. Nilipigwa eksirei nikaambiwa sina tatizo lolote. Nikichomwa sindano ya diklofenaki napata nafuu siku mbili, kisha yanarudi. Sasa ndugu zangu wanasema kuna mtu amenichezea. Nina nini? – Mama Sare, Morogoro*

JIBU: Mama Sare, pole sana dada yangu. Tatizo unalo, na ni la kweli. Eksirei inaonyesha mifupa. Msuli ukaze, uchoke, uvimbe, humo hauonekani. Aliyekuambia huna tatizo lolote alipaswa kusema kwamba mifupa yako haina tatizo, kisha akushike shingo.

Hebu fanya hivi ukiwa unasoma. Pitisha mkono wa kushoto juu ya bega la kulia, utafute kona ya juu ya fupa la bega, ile iliyo karibu na uti wa mgongo. Bonyeza hapo kwa vidole viwili. Kama umeshtuka kwa maumivu, umeushika msuli wenyewe. Unaanzia kwenye pingili nne za juu za shingo na kujishikiza kwenye kona hiyo. Kazi yake ni kuinua fupa la bega, na unapoinama husaidia kuizuia shingo isianguke mbele. Juu yake umelala msuli mwingine mpana, unaotoka kisogoni, ukatanda mabegani na kushuka katikati ya mgongo hadi usawa wa mbavu za mwisho. Hiyo miwili ndiyo inayobeba siku yako yote ya kushona.

Kichwa cha mtu mzima kina kilo 4 hadi 5. Ukikaa wima, uzito huo unashukia kwenye pingili na misuli haina kazi kubwa. Ukiinama kutazama sindano ikipita kwenye pindo, kichwa kinatangulia mbele ya shingo, na misuli ya nyuma inalazimika kukivuta muda wote. Tena fundi hainami tu. Meza ya cherehani ikiwa juu kuliko kiti, mabega nayo yanapanda, na mkono wa kulia unaoongoza kitambaa unaliinua bega la kulia zaidi. Nguvu inayotumika ni ndogo, ndiyo maana hutambui kwamba unaitumia. Kinachouumiza msuli ni kwamba haupumziki.

Msuli ukikaza unabana mishipa midogo ya damu iliyomo ndani yake, ukilegea damu inapita. Seremala anayepiga nyundo anakaza na kulegeza, anakaza na kulegeza. Wewe unakaza kidogo na kubaki hivyohivyo. Na ndani ya msuli zipo nyuzi ndogo ambazo mwili huziita kwanza kwa kazi nyepesi, na ndizo zinazoachiwa mwisho. Kwenye kushona zinakesha kazini kama mlinzi ambaye wa kumpokea zamu hakutokea. Oksijeni inazipungukia, taka za kazi zinalundikana, na ncha za neva zinazopokea maumivu zinakuwa nyepesi kuchokozeka. Ikifika hapo, hata kamba ya sidiria au mkoba begani unauma.

Kisogo kinachogonga jioni kinatokana na hayohayo. Maumivu ya misuli ya shingo yana tabia ya kusafiri: msuli unauma begani, mtu anayasikia kisogoni, kwenye panja au nyuma ya jicho. Nimewaona wengi waliomaliza pakiti kwa pakiti za dawa ya kichwa, na shingo hakuna aliyewahi kuigusa.

Sindano inatuliza maumivu, meza inabaki na urefu uleule. Na diklofenaki ikifanywa mazoea inaweza kuleta vidonda vya tumbo, kudhuru figo na kupandisha presha. Naomba uiache iwe ya siku ngumu tu, tena kwa ushauri wa daktari anayejua afya yako.

Anza na kiti. Kipandishe, hata kwa kuweka mto mgumu juu ya stuli, mpaka viwiko viwe usawa wa meza huku mabega yameshuka. Kama miguu itaning'inia na kushindwa kukanyaga pedali vizuri, weka kipande cha ubao chini. Halafu tazama taa. Mafundi wengi wanaokuja kwangu wanainama kwa sababu hawaoni sindano vizuri. Balbu ikiwa nyuma yako, kivuli cha kichwa chako kinaangukia kwenye kitambaa, hasa kile cha buluu iliyokoza cha sketi za shule. Sogeza taa ije mbele, karibu na mkono wa kushoto. Na kapime macho. Una miaka 38, na wengi wakikaribia au kuvuka 40 macho huanza kukataa vitu vya karibu. Shingo ndiyo inayosogea mbele kuyasaidia.

Kisha badilisha mpangilio wa kazi. Najua utaratibu wa oda za sare: unashona sketi zote, ukimaliza ndipo unazipiga pasi zote. Vunja utaratibu huo. Shona tatu, simama uzipige pasi hizo tatu, kata zinazofuata ukiwa umesimama, rudi ukae. Kazi itatoka ileile, ila msuli utapata nafasi ya kulegea kabla haujaanza kulia.

La mwisho ndilo watu huniona nimekosea ninapowaambia: uongeze nguvu ya msuli huohuo unaouma. Mwaka 2008 watafiti wa Denmark walichapisha matokeo ya wanawake waliokuwa na maumivu haya haya ya shingo na mabega yaliyotokana na kazi za kukaa. Waliofanya mazoezi ya kunyanyua vyuma kwa misuli hiyo hasa, dakika 20, mara tatu kwa wiki, kwa wiki 10, maumivu yao yalipungua kwa kiasi kikubwa, kuliko wale walioendesha tu baiskeli ya mazoezi. Huhitaji vyuma. Chukua chupa mbili za maji za lita moja na nusu, moja kila mkono, simama, inua mabega kuelekea masikioni, shusha polepole. Rudia mara kumi, pumzika, rudia tena. Chupa zikiwa nyepesi, nenda kwenye madumu ya lita 5. Zoezi la pili, mwombe fundi baiskeli tyubu kuukuu, uikate, uizungushe kwenye nondo ya dirisha, ushike ncha mbili na kuvuta viwiko nyuma mpaka mafupa ya mabega yakaribiane. Siku moja au mbili za mwanzo utasikia uchovu wa misuli, huo ni wa kawaida. Maumivu yakipanda na kukaa, punguza uzito, usiache.

Kuchuliwa na kukandwa kwa maji ya moto ni vizuri, endelea. Nafuu yake ni ya saa chache, basi zitumie saa hizo kufanya mazoezi. Kuhusu kuchezewa: maumivu yanayopanda msimu wa sare ukianza yana sababu iliyo mezani kwako, na waambie hivyo ndugu zako.

SWALI: *Shikamoo dokta. Nina miaka 29, nafanya kazi ya kupakua saruji Mwanza. Jioni moja nikiwa nimeshamaliza kazi niliinama kuokota ndala, kiuno kikakamata, nikashindwa kunyooka, mwili ukapinda upande. Nimelala chini kwenye jamvi siku kumi kama nilivyoshauriwa. Nimenunua mkanda wa kiuno. Ndugu walichanga nikapiga picha ya MRI, imeandikwa diski imetokeza kati ya pingili ya nne na ya tano. Maumivu yanaishia kwenye kalio, hayashuki mguuni. Naogopa kupasuliwa. – Kijana wa Saruji*

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Futa kwanza habari ya kupasuliwa. Kwa hali uliyoieleza, sioni kwa nini mtu akushike na kisu.

Ulichokipata siku ile ni misuli kukamata ili kulinda. Pande zote mbili za uti wa mgongo kuna misuli mirefu, ile inayosimama kama kamba mbili ukiigusa. Kitu chochote kwenye kiuno kikichokozeka, kiungo, diski (ule mto laini ulio kati ya pingili mbili) au msuli wenyewe, mwili unaikaza misuli hiyo ili pasitikisike. Upande mmoja ukikaza zaidi, unapinda. Mtu hudhani pingili imeruka. Haijaruka. Na ndala haikukuumiza; ilikukuta mwisho wa siku misuli ikiwa imechoka, na msuli uliochoka unachelewa kuitikia unapoinama ghafla.

Ngoja nikupigie hesabu ya mfuko mmoja. Misuli ya mgongo inavuta ikiwa kama sentimita 5 nyuma ya kitovu cha pingili. Mfuko wa kilo 50 ukiushika ukiwa sentimita 30 mbele ya pingili, umbali wake ni mara sita ya ule wa misuli. Ili usianguke kifudifudi, misuli lazima ivute sawa na kilo 300. Mfuko huohuo ukiukumbatia ukawa sentimita 15, ni kilo 150. Hapo sijaongeza uzito wa kifua na kichwa chako. Ndiyo maana sikwambii uache kubeba, nakwambia usiuokote chini peke yako. Wenzako wawili wakuwekee begani ukiwa umesimama, kama wabebaji wa zamani wanavyofanya, na mabega yapokezane.

Hiyo diski sasa. Uchambuzi wa tafiti nyingi uliochapishwa mwaka 2015 uliangalia picha za watu wasioumwa mgongo hata kidogo. Kwenye umri wa miaka 30, wapatao 40 kati ya 100 walikuwa na diski iliyotokeza. Kwenye miaka 50, wapatao 60. Wanatembea, wanalima, wanacheza mpira. Sisemi yako haihusiki kabisa. Nasema maneno yaliyo kwenye karatasi ile yasikulaze kitandani.

Siku kumi za jamvini zimetosha, amka. Chini ya ile misuli mirefu kuna mingine mifupi, iliyozama, inayofunga pingili kwa pingili. Kitaalamu inaitwa maltifidasi. Watafiti wa Australia waliipima kwa altrasaundi kwa watu walioumwa mgongo kwa mara ya kwanza, wakachapisha matokeo mwaka 1996. Msuli huo ulikuwa umepungua unene upande ule ule wa maumivu. Wiki kadhaa baadaye maumivu yalikuwa yamewaisha karibu wote, lakini walioachwa bila mazoezi maalumu msuli wao haukurudi. Waliofundishwa kuufanyisha kazi, ulirudi. Mtu anayesema amepona, kisha mgongo ukamkamata tena baada ya miezi michache, mimi hapo ndipo ninapoangalia kwanza.

Mkanda unaweza kukufariji siku mbili tatu za mwanzo. Usiuzoee. Shirika la Afya Duniani, kwenye mwongozo wake wa Desemba 2023 kuhusu maumivu sugu ya mgongo wa chini, lilishauri watu wasipewe mikanda kama tiba ya kawaida, likashauri mazoezi na kumwelimisha mgonjwa. Shirika hilo linakadiria kuwa mwaka 2020 watu milioni 619 duniani walikuwa na maumivu ya mgongo wa chini, na kwa walio wengi hakuna ugonjwa maalumu unaopatikana nyuma yake.

Anza leo kwa kutembea, mwendo mfupi mara kadhaa, kila siku ukiongeza. Maumivu kidogo wakati wa kutembea si dalili kwamba unaharibu kitu. Kisha piga magoti, viganja chini, mgongo ukae bapa. Nyoosha mkono wa kulia mbele na mguu wa kushoto nyuma, hesabu mpaka tano, badilisha. Kiuno kisicheze: mwombe mtu akuwekee kikombe cha plastiki chenye maji kidogo juu ya kiuno, kikimwagika umejua umeyumba. Baadaye lala chali, kunja magoti, nyanyua makalio juu, kaa hapo kidogo, shusha. Makalio yenye nguvu yanaupunguzia mgongo kazi ya kuinua, na wabebaji wengi wanayasahau. Ukirudi kazini, anza na mizigo midogo hata kama malipo yatapungua wiki mbili. Najua hilo ni gumu kwa anayelipwa kwa mfuko.

Kitu kimoja usicheze nacho. Ukipata ganzi sehemu za siri au pale unapokalia, mkojo ukakataa kutoka au ukatoka wenyewe, au mguu ukakosa nguvu, nenda hospitali kubwa saa hiyohiyo, hata kama ni usiku wa manane.

SWALI: *Mwanangu, mimi ni mwalimu mstaafu, miaka 66, niko Tanga. Kiuno kinaniuma hasa asubuhi nikitoka kufagia uwanja. Kila mtu ananiambia ni figo. Nimekwisha kunywa dawa za UTI zaidi ya mara moja, na mkojo ukipimwa unatoka safi. Hizi figo nizitibu vipi? – Mwalimu Mstaafu*

JIBU: Shikamoo mwalimu. Mkojo safi, na maumivu yanayokuja baada ya kufagia: hizo figo hebu zipumzike. Figo hukaa juu zaidi ya kiuno, nyuma, chini ya mbavu. Zikiuma, maumivu kwa kawaida hayajali umeinama au umenyooka, na mara nyingi huja na homa, kichefuchefu au mkojo uliobadilika. Maumivu yanayoongezeka ukiinama na kupungua ukibadilisha mkao, mara nyingi ni ya misuli na viungo vya mgongo.

Mshukiwa wangu ni fagio la chelewa. Fagio fupi linakuinamisha tangu mwanzo wa uwanja hadi mwisho, na misuli yote ya kiuno inakishikilia kiwiliwili bila kupumzika, tena asubuhi mwili ukiwa bado mgumu. Mwombe kijana wa nyumbani alifunge fagio hilo kwenye mpini mrefu unaokufikia kifuani. Tembeatembea kwanza kabla ya kufagia, na uwanja uugawe, nusu asubuhi, nusu jioni. Jizoeze pia kuinuka kwenye kiti bila kushika kitu, mara chache kila siku.

Ila kwa umri wako, mwalimu, naomba uende hospitali ukaangaliwe kama maumivu yalianza ghafla baada ya kuteleza au kunyanyua kitu, hata kidogo, kwa sababu mifupa iliyopungua uimara inaweza kuvunjika pingili bila ajali kubwa. Nenda pia kama maumivu yanakuamsha usiku, unakonda, au una homa za jioni na jasho la usiku. Kifua kikuu hushambulia uti wa mgongo pia, mtu akawa hana hata kikohozi, na kinatibika vizuri kikiwahiwa.

SWALI: *Shikamoo dokta. Mimi ni mwanafunzi wa chuo, Temeke. Shingo inanikaza nikitumia simu sana. Kinyozi wangu akimaliza kuninyoa ananichua kichwa halafu ananizungusha shingo kwa ghafla inalia ko, ko. Nasikia raha sana kwa nusu saa. Je, ina madhara?*

JIBU: Marahaba mwanangu. Ina hatari, na nakuomba uache. Mlio ule unatoka kwenye ute ulio ndani ya kiungo, gesi inapojitenga humo. Hakuna mfupa uliorudi mahali pake. Raha unayoisikia inakuja kwa sababu kiungo kikivutwa ghafla misuli inayokizunguka hulegea kwa muda mfupi. Umeihesabu mwenyewe, ni nusu saa.

Hatari iko kwenye mishipa miwili ya damu inayopanda kwenye ubongo kwa kupitia matundu ya pingili za shingo. Kichwa kikizungushwa kwa nguvu, ukuta wa mshipa unaweza kuchanika, damu ikaganda na kuleta kiharusi. Haitokei mara nyingi, lakini ikitokea haichagui kijana, na kinyozi hana namna ya kujua mshipa wako ukoje. Mtu akizungushwa shingo kisha akapata kizunguzungu, kuona vitu viwili viwili, ulimi mzito au maumivu makali ya shingo ambayo hajawahi kuyapata, apelekwe hospitali papo hapo.

Kuchuliwa kichwa na mabega hakuna ubaya. Mwambie mapema, kabla hajakufunga kitambaa shingoni: achue, asizungushe. Na kwa habari ya simu, egemeza viwiko juu ya meza au begi lililo mapajani ili simu ipande karibu na usawa wa macho, maana ukiiinua kwa mikono mitupu utachoka na kuishusha. Usiku usiitazame ukiwa umelala chali na mito miwili imekikunja kidevu kifuani. Zile chupa za maji nilizomwagiza Mama Sare, anza nazo na wewe, mara tatu kwa wiki.